Siku Kulungu Walipotuchagulia Miti

Niliishia darasa la sita, na nalisema hilo kifua mbele, kwa sababu wenye digrii nimewabebea makochi yao mpaka ghorofa ya nne. Ukisikia Mkenya au Mtanzania alihama fleti moja ya Silver Spring, huku ughaibuni, kwenda nyingine katika miaka ile ya elfu mbili na kidogo, jua godoro lake lilipita mikononi mwangu. Nilianza na mgongo wangu na mkokoteni wa kuazima. Nikanunua lori. Lori likazaa lori. Mwisho nikanunua nyumba nje kidogo ya Columbia, ya matofali, yenye garaji ya magari mawili na shamba nyuma. Wenyeji hawaliiti shamba, lakini mimi shamba nikiliona nalijua. Lilikuwa karibu ekari nzima, likiteremka hadi kwenye kimsitu na kijito.

Katika kimsitu kile waliishi kulungu.

Hilo hatukuambiwa. Mama dalali aliyetuuzia nyumba alitusifia jiko, akafungua mabomba tusikie maji yanavyokuja kwa nguvu, akatuonyesha mpaka kabati la kuwekea mifagio. Kuhusu kulungu alisema tu kwamba asubuhi dirishani kunapendeza.

Mke wangu alianza kulima kabla hatujamaliza kufungua maboksi. Alipanda mboga za kwetu, managu, saga, kunde na terere, na mstari mmoja wa sukuma wiki kwa ajili yangu. Kazi yake ni kulea wazee. Anawageuza, anawaogesha, anawalisha kwa kijiko, anasikiliza vita walivyopigana, halafu anarudi nyumbani hana neno lililobaki mdomoni. Akishika jembe dakika chache ndipo anapoanza kuongea tena. Shamba lile ndilo lililomtoa Silver Spring, alikokuwa na wenzake wa kanisani na duka la Mhabeshi hatua chache kutoka mlangoni. Mimi nilimtaka aje kwa ajili ya nyumba. Yeye alikuja kwa ajili ya managu.

Kulungu wakala yote. Mwaka wa kwanza walikula mapema, mwaka wa pili wakangoja yakomae. Tulitundika vipande vya sabuni, harufu iwafukuze. Tukamwaga nywele kutoka kwa kinyozi. Nikaweka redio iseme usiku kucha, nikakuta wamelala karibu nayo, majani yamelala chini mahali walipojinyoosha, kama watu waliokuwa wakisubiri taarifa ya habari. Asubuhi ile mke wangu alisimama katikati ya vishina vyake na sare ya kazini bado mwilini.

"Mzee," akaniambia, "wakinilia mwaka ujao tena, mimi narudi Silver Spring. Wewe ukipenda baki na hawa mbuzi wako."

"Na nyumba?"

"Iuze. Au waachie wao. Wao ndio wenye shamba."

Mke wangu hatishi mtu. Akisema jambo, tayari amelitenda moyoni, mwili ndio unakuja nyuma. Sasa fikiria hali yangu. Mimi niliyewapandishia watu makochi, leo nishushe la kwangu mbele yao, wakiwa kwenye baraza zao wamekunja mikono, wakiniambia nipinde kidogo kulia. Nilikosa usingizi.

Ua nisingeweza kujenga. Mtaa wetu ulikuwa na chama cha wenye nyumba, na chama kile kilikuwa na kitabu cha sheria kinachoeleza rangi ya mlango wako na urefu wa nyasi zako, na ndani yake uzio wa bustani ulikuwa haramu kama nguruwe msikitini. Bunduki nayo sheria haikuruhusu karibu na nyumba za watu. Nikabaki na kichwa changu, na kichwa changu hakijawahi kuniangusha.

Nilimkumbuka baba yangu kule Molo. Baba alikuwa na matunda ya kuuza ndani ya boma, lakini nje, kando ya njia, alipanda miplamu ya watu wote. Watoto wa shule walikula hapo, walevi walikula hapo, na ndani hakuna aliyeingia. Alikuwa akisema, mpita njia akishiba nje, haulizi kilichoko ndani. Basi nami nikaamua kuwapandia kulungu miti ya matunda kule chini mwa shamba, karibu na msitu wao, wale washibe, wasipande juu kwa mke wangu.

Nilikwenda kwenye kitalu cha miti. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Kizungu, amevaa buti za mpira na kofia iliyopigwa na jua. Nikamwambia nataka miti ya matunda.

"Ya kula au ya kuuza?"

"Ya kulungu."

Alinitazama vizuri. Akaniambia watu wote wanaokuja pale wanataka miti ambayo kulungu hawali. Nikamwambia ndiyo maana watu wote wana shida na kulungu. Akacheka, akanipitisha. Kwa baridi ya huku, alisema, sahau maembe, sahau maparachichi. Kuna tufaa, kuna peasi, kuna plamu, na kuna tunda moja la kienyeji la hapa, wao huliita pasimoni, dogo, rangi ya chungwa, ambalo likiwa bichi linakausha ulimi kama ndizi mbichi. "Ukiniuliza mimi, panda hili," akasema. "Kulungu wanalipenda kuliko yote."

Nikamshukuru, nikasema nitashauriana na wenzangu.

Hapo nataka nieleweke. Sikuwa nimemdharau. Lakini mtu mwenye akili hafanyi jambo kubwa bila kikao, na mimi nilikuwa na marafiki wawili wa kufa na kuzikana. Mmoja alitoka upande wa Eldoret, dereva wa basi la shule, aliyekulia kwenye ng'ombe. Wa pili alikuwa Mtanzania wa Lushoto, dereva wa ubalozi mmoja mjini, mtu wa heshima zake, suti mpaka Jumamosi. Niliwaita, nikawapa chai, nikawaeleza. Nilitarajia dakika kumi.

"Tufaa, kaka," akasema Mtanzania. "Usijadili. Kwetu Lushoto hata kima wanalijua tufaa."

"Kima si kulungu," akasema wa Eldoret. "Peasi. Linatoa maji. Mnyama anataka maji."

Nikawaambia plamu, kwa sababu za wazi.

"Sababu zipi?" wakauliza pamoja.

"Mimi ndiye mwenye shamba."

"Ahaa," akasema Mtanzania, akaweka kikombe chini taratibu. "Kumbe tumeitwa kuthibitisha, hatukuitwa kushauri."

Tulizozana mpaka chai ya pili. Lile tunda la mama wa kitalu lilitajwa mara moja tu. Wa Eldoret akauliza linatoka kwa nani, na kwa kuwa halikutoka kwa yeyote kati yetu, likaachwa. Mwishowe nikapata wazo, na mpaka leo sijasikia mtu mwingine aliyewahi kulipata: waulizwe kulungu wenyewe. Na wapige kura kwa mlolongo, kama tulivyopiga zamani kwetu, mpiga kura anasimama nyuma ya mgombea wake, mchana kweupe, kila mtu anaona. Mtanzania alisema kwao hawajafikia hatua hiyo ya maendeleo. Wa Eldoret alisema hilo limemkaa vizuri.

Usiku wa kuamkia Jumamosi moja ya Oktoba tulipanga mabeseni chini mwa shamba. Plamu zangu, za dukani lakini nzuri. Matufaa ya Mtanzania, ameyapangusa moja moja kwa leso. Peasi za Eldoret alizileta mwenyewe tayari zimekatwakatwa, akasema ni kwa ajili ya wapiga kura wazee wasio na meno. Nikaongeza beseni la nne, la pasimoni, kwa sababu mama wa kitalu alinipa mfuko wa bure na sipendi kitu kioze. Halikuwa na wakala.

Kwa kuwa kulungu hawatokei wakiona watu, alfajiri tulirudisha lori kinyumenyume mpaka ukingoni mwa nyasi, tukaingia ndani, tukafungua mlango kiasi cha jicho. Palikuwa na baridi. Tulijifunga yale mablanketi mazito ya kufungia makabati, tukakaa watatu juu ya kochi la mteja ambalo lilikuwa lisafirishwe Jumatatu. Thamosi ya chai ilikuwa katikati. Mtanzania alikuwa amevaa tai.

Kulipopambazuka tukaona jambo la kwanza. Beseni la pasimoni lilikuwa tupu. Limelambwa mpaka linang'aa, na limesogezwa hatua kadhaa kutoka lilipokuwa.

"Limeliwa," akanong'ona Mtanzania.

"Na nani?" akauliza wa Eldoret. "Umeona nani?"

"Sijaona."

"Basi hakuna kura. Kura iliyopigwa kabla mawakala hawajafika inaharibika. Hiyo ni sheria."

Nililipima, nikaona ana haki. Uchaguzi usio na utaratibu ni fujo. Tukaliondoa beseni lile katika hesabu.

Kidogo wakatoka. Majike yalitangulia, yakinusa hewa, na watoto wawili nyuma yao. Mtoto mmoja akaenda kwenye tufaa, akalamba, Mtanzania akakaza tai. Kisha yule mtoto akaona mama yake alikokwenda, akahama chama. Jike moja lilifika kwenye plamu zangu, likanusa, likapiga chafya, likaondoka bila kutazama nyuma. Halafu wote, mmoja baada ya mwingine, wakasimama nyuma ya peasi. Wallahi walisimama mstari, mdomo kwa mkia, kama watu wa kwetu kwenye ofisi ya chifu. Mwisho likatoka dume lenye pembe, likapita pembeni mwa foleni yote, likaingiza kichwa beseni bila kusalimia.

"Mheshimiwa amefika," akasema Mtanzania.

Wa Eldoret alikuwa anatingishika ndani ya blanketi kwa furaha.

Hapo ndipo mke wangu aliporudi kutoka zamu ya usiku. Tulisikia gari, tukasikia hatua zake, kisha mlango wa lori ukafunguka wote. Akatukuta watatu kwenye kochi la mtu, tumefunikwa mpaka kidevu.

"Mnafanya nini humu?"

"Karibu, shemeji," akasema Mtanzania, akijaribu kusimama. "Tunasimamia uchaguzi."

Aliangalia kule chini, akaona kulungu wamejipanga mbele ya mabeseni yake. Ndiyo, mabeseni yalikuwa yake, ya kuoshea mboga.

"Kwa hiyo mmewaita," akasema. "Walikuwa wanakuja wenyewe, sasa wana mwaliko."

Akaingia ndani kulala. Mimi ni mtu wa vitendo, mchana ule ule nilikwenda kitaluni na lori nikaleta miche kumi na miwili ya peasi, mirefu kunizidi. Mama wa kitalu aliniuliza kama nimesahau pasimoni. Nikamwambia haikupata kura. Akaanza kunieleza jambo kuhusu kuilinda miche, lakini nilikuwa nimeshawasha injini.

Jioni, miti ikiwa imeshashika ardhi, mke wangu akatoka jikoni na lile beseni la peasi. Alikuwa anataka kuliosha. Akapitisha kidole ukingoni, akakilamba.

"Mbona hili lina chumvi?"

Tukamgeukia wa Eldoret. Wa Eldoret akatazama msitu.

"Ng'ombe wote wanapewa chumvi," akasema. "Ile ni huduma kwa mpiga kura."

"Umeiba kura," akasema Mtanzania.

"Sikuiba. Niliunga."

Mtanzania akamwambia kwamba mambo kama hayo ndiyo yanayowafanya Wakenya wasilale. Wa Eldoret akajibu kwamba angalau sisi tunapiga kura kwa vitu viwili tofauti. Walikaa wiki kadhaa bila kusalimiana, na kila mmoja alinipigia simu mimi kunieleza habari za mwenzake. Lakini miti ilikuwa imepandwa, tena imepandwa vizuri kwa mstari ulionyooka, na sikung'oa hata mmoja. Matokeo yakishatangazwa yametangazwa.

Baridi ikaja. Nitakueleza jambo ambalo kitabuni halimo, kwa sababu wanaoandika vitabu hawana kulungu. Kulungu hangoji tunda. Tunda la peasi linachukua miaka, na kulungu ana njaa leo. Walianza na machipukizi, wakashuka kwenye vijiti, wakala kila kilichokuwa laini. Lile dume likaja na pembe zake likajikuna kwenye mashina mpaka gome likatoka kama soksi. Mwezi wa Machi mke wangu alisimama dirishani na kikombe chake.

"Umewapandia miswaki," akasema.

Ikafika Aprili. Siku moja nikamsikia kwenye simu, anamuuliza rafiki yake wa kanisani ile fleti ya chini kama bado iko wazi. Hakunificha, na hilo ndilo lililonitisha. Baadaye akampigia yule mama dalali aliyetuuzia nyumba, wakapanga siku ya kuja kuithamini. Nilikaa garajini peke yangu nikatazama malori yangu. Sikuwa na hamu ya kuendesha lolote.

Nikarudi kitaluni. Mama wa buti alisikiliza yote, pamoja na habari za chumvi, ambazo alitaka nizirudie. Kisha akasema ilibidi niizungushie miche wavu wa waya, mrefu, kwa miaka minne mitano, mpaka iwe mikubwa.

"Ngoja," nikamwambia. "Hii miti ni chakula cha kulungu."

"Ndiyo."

"Na nizungushie waya kulungu wasiile."

"Ndiyo. Mpaka wawe na cha kula."

Nilimwelewa palepale, ingawa nilimwomba aseme mara nyingine. Nikanunua waya, nikanunua na miche mingine mahali pa ile iliyokufa, na safari hii nikachukua pasimoni, mbili, dume na jike, kwa sababu alinieleza kwamba bila mwenza hazizai. Upinzani nao upate viti.

Lakini nisingeweka waya bila kupita kwenye chama. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mstaafu mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kifuani. Nikamuuliza kama waya kuzunguka mti ni uzio. Akafungua kitabu. Kinachozunguka bustani ni uzio, akasema, na hakiruhusiwi. Kinachozunguka mche mmoja ni kinga ya mche, na kinaruhusiwa mpaka mti ukomae.

"Kinga iwe na upana gani?"

Akapekua. "Hakijasema."

"Hata kidogo?"

"Hakijasema."

Nikampa mkono. Kwa kweli nilimpa mikono yote miwili.

Wa Eldoret alikuja kunisaidia, kwa kuwa hiyo ilikuwa ni njia yake ya kuomba msamaha, na Mtanzania alikuja kuhakikisha hatii kitu kwenye mashimo. Nilitaka vizimba vipana, kwa sababu kitu chembamba dume lingekipindua. Tulisuka kila kimoja kwa upana wa banda la ndama, urefu kumpita mtu, mche mmoja katikati. Ndani tulilainisha udongo na kutia samadi, maana peasi hupenda kula. Tulipomaliza, chini mwa shamba palikuwa na vizimba kumi na viwili vya duara, na katika kila kimoja kijiti kimesimama katikati kama mshtakiwa.

Mke wangu alishuka kutoka nyumbani. Akazunguka cha kwanza, akazunguka cha pili. Akaingiza kidole kwenye matundu, akautikisa wavu, haukutikisika. Akatazama ule udongo mweusi, uliolimwa, uliotiwa samadi, mpana, mtupu.

"Hakuna mlango," akasema.

"Mlango wa nini? Mti hauendi popote."

"Weka mlango, Mzee."

Mimi nilikuwa nimeshaona anakokwenda. Wazo lilikuwa langu tangu nilipomuuliza mwenyekiti habari ya upana. Ila mwanamume mwenye akili huacha nafasi, mwenzake naye aseme. Nikaweka mlango. Akarudi nyumbani, akaja na jembe lake dogo na vile vikaratasi vya mbegu alivyokunja mwenyewe.

Kufikia Julai, kizimba cha kwanza kilikuwa na managu, cha pili saga, cha tatu terere, na kunde zilikuwa zinapanda wavu kutoka ndani. Katikati ya kila shamba dogo kulikuwa na mche wa kulungu. Kulungu wenyewe walikuja kila asubuhi, wakazunguka, wakaweka pua kwenye matundu, wakatazama mboga wasizoweza kuzifikia zikiwa zimezunguka miti waliyopandiwa wao. Lile dume lilijaribu pembe zake mara moja, likanasa, likajinasua kwa aibu. Mke wangu alikuwa ndani, anachuma, anawasimulia mambo ya wazee wake. Hakuwa amewahi kuongea sana kiasi kile.

Asubuhi moja ya mwezi ule ndiyo iliyokuwa siku ya kuthaminiwa nyumba. Yule mama dalali alifika na faili lake na viatu vya kisigino, akasimama juu kwenye baraza, akaniuliza vile ni vitu gani kule chini.

"Chakula cha kulungu," nikamwambia.

Akawatazama kulungu, waliokuwa nje. Akamtazama mke wangu, aliyekuwa ndani. Akaandika kitu kwenye faili, akakikata.

Nikashuka. "Mama, mgeni wako wa nyumba amekuja. Nimwambieje?"

Mke wangu hakuinua kichwa. Alikuwa na managu mkono mmoja na mwingine unatafuta zaidi.

"Mwambie nina kazi mpaka Septemba," akasema. "Na funga huo mlango vizuri, huyo mwenye pembe anauangalia."

Nikaufunga kwa waya kutoka nje, mizunguko miwili, nikaujaribu kwa bega. Kisha nikapanda mpaka barazani kumweleza yule mama kwamba nyumba haiuzwi, na kwamba mwenye nyumba angependa kumsalimia lakini amefungiwa kizimbani, na hataki kutoka.